Cheo, Kipimo na Madaraka: Ngazi za Vyama katika Mchezo wa Morrowind

Neno cheo, kama lionekanavyo katika kamusi za zamani za Kiswahili, ikiwamo ile ya Frederick Johnson iliyotolewa mwaka 1939, lina maana mbili. Maana moja ni kipimo: urefu wa nguo, upana wa mlango, ukubwa wa kitu cho chote kiwezacho kupimwa. Maana nyingine ni daraja ya mtu mbele ya watu wenziwe. Katika mazungumzo ya siku hizi maana ya pili imeifunika ile ya kwanza hata mtu akiambiwa kwamba fulani amepewa cheo, hapana anayeuliza alipimwa kwa kitu gani. Zaidi ya hayo liko neno madaraka, ambalo asili yake ni Kiarabu, nalo halitaji ukubwa wa mtu bali mzigo aliotwikwa na mambo atakayoulizwa. Maneno haya si sawa. Mtu aweza kuwa na cheo asiwe na madaraka, na aweza kubeba madaraka mazito asiwe na cheo hata kidogo.

Tofauti hiyo yafaa kuwa mizani ya kupimia sanaa moja changa ambayo wahakiki wa lugha na fasihi hawajaitazama sana, yaani michezo ya kompyuta ya masimulizi ya kubuni, ambamo mchezaji huvaa nafsi ya mtu wa nchi isiyokuwapo, akajiunga na vyama vya nchi ile, akapanda ngazi zake toka chini hata juu. Mchezo utakaotazamwa hapa zaidi ya mingine ni The Elder Scrolls III: Morrowind, uliotolewa na kampuni ya Bethesda ya Marekani mwaka 2002. Umechaguliwa kwa sababu ndani yake kupanda cheo si pambo la hadithi. Ni nusu ya hadithi yenyewe.

Kwanza nasaba yake. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo unaochezwa mezani kwa karatasi, kalamu na dadu. Humo kila daraja ya uwezo ilipewa jina lake. Mtu wa sihiri alianza kwa jina dogo, na miongoni mwa majina aliyopitia alipokuwa akipanda yalikuwamo haya manne kwa utaratibu huu: Conjurer, Magician, Warlock, Wizard. Mtu akifungua orodha ya vyeo vya chama cha sihiri katika Morrowind, atayakuta manne yale yale kwa utaratibu ule ule, ila majina yaliyokuwa kati yameondolewa. Katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 Gygax aliongeza kanuni nyingine: baadhi ya watu, kama watawa wapiganaji, hawakuweza kupanda daraja za juu pasipo kumshinda kwanza aliyekikalia kiti. Kanuni hiyo nayo itaonekana tena huko mbele. Mchezo mwingine wa mezani, RuneQuest wa mwaka 1978, ulidai kwamba atakaye kuwa bwana katika dini ya mungu wake awe amefikia tisini katika mia kwa stadi kadhaa. Ken Rolston, aliyeongoza ubunifu wa Morrowind, alikuwa ameufanyia kazi mchezo huo wa RuneQuest kabla ya kuingia katika kompyuta. Cheo cha juu cha chama cha sihiri cha Morrowind chadai stadi moja ifikie tisini.

Mfasiri wa Kiswahili atakayeshika majina yale manne atapata taabu, na taabu yenyewe ina mafunzo. Kiswahili kina mchawi, kina mlozi, kina mwanga; lakini hao wote ni watu wa usiku, na hapana hata mmoja ambaye angeandika jina hilo juu ya mlango wake. Mganga ni mtu wa mchana, lakini kazi yake ni tiba. Kwa hiyo chama cha watu wanaofanya sihiri hadharani kwa leseni ya dola, wenye ada, kanuni na ofisi mjini, hakina jina tayari. Katika makala haya kitaitwa Chama cha Mafundi wa Sihiri, kwa kuwa neno fundi lachukua ndani yake habari ya kujifunza kazi kwa mwingine.

Mambo huenda hivi. Mchezaji hushushwa chomboni katika kijiji cha Seyda Neen, kisiwani Vvardenfell, akiwa mfungwa aliyeachiliwa, mgeni asiye na mtu. Ana sifa nane za asili, kama nguvu, akili na nia, na stadi ishirini na saba, zote zikiandikwa kwa hesabu. Vyama vya kisiwa viko wazi kwake, na kila kimoja kina vyeo kumi. Kila chama kimechagua sifa mbili na stadi sita kinazozipenda. Fundi wa Sihiri huingia kwa akili na nia zisizopungua thelathini. Kisha kila apandapo huulizwa stadi yake moja imefika wapi na nyingine mbili zimefika wapi. Atakaye kuwa Mkuu wa Sihiri sharti awe na stadi moja ya tisini na mbili za thelathini na tano. Juu ya hayo sharti awe amezitimiza kazi za kutosha alizotumwa na wakubwa wake.

Kazi za mwanzo ni duni, na ubora wake uko katika huo uduni. Katika mji wa Balmora mwanachama mpya hutumwa na Ajira, naye mwanagenzi tu, akachume uyoga wa namna nne kando ya maji. Katika Chama cha Wapiganaji mjini humo humo, mtu aliyejinunulia upanga na kujiona shujaa hupewa kazi ya kwenda kuua panya nyumbani kwa mwanamke mmoja. Katika Chama cha Wezi cheo cha kwanza ni Chura. Hapana anayemwita mchezaji mwokozi wa ulimwengu katika vyumba hivi, ingawa kwingineko katika mchezo huo huo utabiri mkubwa wamngojea. Na apatapo kumwendea mkubwa wake kuomba kupandishwa, aweza kujibiwa hapana. Ataambiwa stadi zake hazijatosha, au kwamba bado hajafanya kazi za kumstahilisha, naye ataondoka na cheo chake cha zamani. Jibu hilo la hapana ndilo tunu ya mchezo huu. Kwalo neno cheo larudi katika maana yake ya kwanza: mtu amepimwa, na kipimo kimempungukia.

Matokeo yake huonekana katika nafsi ya mchezaji. Mtu aliyezoea shoka na ngao akijiunga na mafundi wa sihiri kwa tamaa ya faida zao, hufika ngazi ya tatu au ya nne akakwama. Sharti achague: ama aache chama, ama abadilike, aketi na vichupa vyake na kujifunza kuchanganya dawa. Basi chama kimemfanya kuwa mtu mwingine. Riwaya nyingi zimesimulia jambo hili kwa mtu wa kubuniwa. Hapa latendeka kwa msomaji mwenyewe, kwa kuwa msomaji na mhusika ni mmoja.

Walakini kipimo chenyewe chaweza kupindwa. Stadi katika Morrowind hukua kwa kutumiwa, lakini pia huuzwa. Wako walimu katika kila mji ambao, wakilipwa fedha, huongeza stadi moja kwa mara moja mpaka mwanafunzi awafikie wao wenyewe. Na wako walimu wakuu wachache wafikishao hata mia. Mtu tajiri basi aweza kuingia chamani asubuhi na kuutoka ukumbi wa mwalimu jioni akiwa amenunua ustadi wa miaka. Kutoa mali kwa ajili ya elimu si aibu. Katika ufundi wa pwani ya Afrika ya Mashariki mwanagenzi aliyehitimu alimpa fundi wake kilemba, na kilemba kile kilikuwa heshima kwa wote wawili. Lakini kilemba kilifuata kazi. Katika Morrowind fedha huchukua mahali pa kazi, na mwalimu hamjui mwanafunzi wake kwa jina. Dosari hii si ndogo, maana yakipunguza kile kilichokuwa bora kuliko vyote.

Upungufu wa pili wahusu asili ya vyama vyenyewe. Majina ya ngazi za pili na tatu katika chama cha sihiri na kile cha wapiganaji yametolewa katika vyama vya mafundi vya Ulaya ya zamani: mwanagenzi, kisha fundi wa kulipwa kwa siku, ambaye kwa namna ya malipo yake alikuwa karibu na kibarua wa Kiswahili. Lakini katika vyama vile vya Ulaya, katika miji mingi, fundi hakuwa bwana wa kazi mpaka atengeneze kitu kimoja kwa mikono yake, saa au kabati au kufuli, akiweke mbele ya mabwana wa chama wakichungue. Wabunifu wa Morrowind walichukua majina wakakiacha kitu hicho. Hapana siku ambayo mchezaji huonyesha alichofanya. Anayo hesabu ya tisini katika ustadi wa kutia sihiri vyomboni, lakini hakuna aliyemwomba pete moja aitazame. Hesabu ilikuwa rahisi kuisoma kwa kompyuta kuliko pete, na labda hiyo ndiyo sababu.

Mambo ni mazito zaidi katika Nyumba Kuu za wenyeji, na hapa ndipo msomaji wa lugha apasapo kutua. Mgeni aweza kujiunga na nyumba moja tu kati ya tatu: Hlaalu ya wafanya biashara, Redoran ya wapiganaji, na Telvanni ya wenye sihiri. Katika mbili za kwanza ngazi huanza na mtu wa ujira, kisha mfuasi, kisha mla kiapo, kisha mtu wa sheria. Ngazi ya tano hubadili mambo: ni jamaa. Baada yake huja binamu wa nyumba, kaka wa nyumba, baba wa nyumba, na ndipo diwani na mkuu. Yaani mtu huanza kwa mshahara, akapita katika kiapo na sheria, akaishia katika damu. Mpango huu una fikira kubwa ndani yake. Wenyeji wa kisiwa humdharau mgeni waziwazi, humwita mtu wa nje kila wamwonapo; na ngazi hizi ni njia mojawapo ya kumgeuza mgeni akawa mtu wa ndani.

Kiswahili huuyumbisha mpango huo mara moja, kwa kuwa ngazi ya binamu na ile ya kaka zatofautiana katika lugha ya Kiingereza kuliko zinavyotofautiana kwa Mswahili. Mtoto wa baba mdogo ni ndugu, na wengi hawatataka kumpandisha cheo ili awe kile alicho tayari. Tena, mahali pengi Afrika ya Mashariki mgeni alifanywa ndugu kwa tendo moja la kuchanjiana, si kwa ngazi nne. Udugu ule haukuwa na daraja ya kati. Mfasiri mwenye busara pengine angekiacha cheo cha binamu kabisa, aandike ndugu mdogo na ndugu mkubwa wa nyumba, na ukoo ungebaki na ngazi zake.

Nyumba ya Telvanni ina cheo kimoja kizuri kuliko vyote vya mchezo mzima. Mabwana wake ni wazee wa sihiri wakaao katika minara ya uyoga uliooteshwa, kila mmoja peke yake, nao hawahudhurii baraza la nyumba katika mji wa Sadrith Mora. Badala yao hukaa wasemaji wao, na kila msemaji huitwa Kinywa. Mchezaji hawezi kupita ngazi ya nne mpaka bwana mmoja amkubali kuwa Kinywa chake. Katika mamia ya vyeo vya michezo ya namna hii, hiki ni kimoja cha vichache visivyosema mtu ana nguvu kiasi gani bali anafanya kazi gani na kwa ajili ya nani. Ni cheo chenye madaraka ndani ya jina lake. Bahati mbaya mchezo haumpi Kinywa hata siku moja ya kuketi barazani na kusema neno la bwana wake likamgharimu.

Utii ni suala jingine, na Morrowind hulishika kwa ujasiri. Katika Jeshi la Dola wakubwa hawasemi na askari aliyewajia bila sare. Katika Chama cha Wapiganaji jambo ni gumu zaidi. Baada ya panya na kazi nyingine, Eydis Fire-Eye, mkuu wa tawi la Balmora, humtuma mchezaji akachukue kitabu cha maandishi ya siri kwa mwanamke wa Chama cha Wezi. Kazi yaonekana kama nyingine. Polepole hudhihirika ya kuwa mkuu wa chama kizima, Sjoring Hard-Heart, yumo mkononi mwa Camonna Tong, genge la wenyeji lenye chuki na wageni, na kwamba kila ngazi aliyopanda mchezaji kwa utii ilikuwa huduma kwa genge hilo. Yuko mzee mmoja katika mji wa Ald'ruhn, Percius Mercius, asiyepiga kelele, ambaye humwonyesha njia nyingine mwenye kumwendea. Hapana maandishi yanayomwamuru mchezaji kumwendea. Mtu aweza kupanda hata karibu na kilele kwa mikono michafu pasipo kujua, na vyeo vyake vitakuwa halali kwa hesabu. Hapa mchezo umefanya kile ambacho ni nadra hata katika riwaya: umeufanya ustahili wenyewe kuwa mtego.

Miaka iliyofuata kipimo kilitupwa. Katika Oblivion ya mwaka 2006 fundi wa sihiri hakuulizwa stadi zake. Alitakiwa kuleta barua za sifa kutoka matawi saba ya miji saba kabla ya kufunguliwa lango la chuo kikuu chao. Barua ni kitu kizuri, maana ni ushahidi wa watu, lakini kila barua ilipatikana kwa kufuata hadithi hadi mwisho wake. Wezi wa mchezo huo walibaki na kipimo cha haki: kati ya kazi na kazi iliwabidi wauze mali ya wizi ya thamani iliyotajwa, kila mtu kwa ujanja wake. Katika Skyrim ya mwaka 2011 mwombaji wa Chuo cha Winterhold hujaribiwa darajani kwa sihiri moja tu, na asipoijua huuziwa papo hapo na mjaribu wake, Faralda. Hadithi kuu ya chuo ina sehemu nane. Mtu wa upanga huweza kuzipita zote akitumia sihiri pale tu hadithi inapomlazimisha, na mwishoni, mkuu wa zamani akiwa amekufa, walimu waliofundisha humo miaka mingi humkabidhi yeye ukuu wa chuo.

Wako wanaoutetea mpango huo kwa kusema kwamba mchezo ni wa wote na hapana haja ya kumfungia mtu mlango wa hadithi. Hoja hiyo ina haki yake kuhusu hadithi. Haina haki kuhusu cheo. Ingewezekana kumpa mchezaji hadithi yote, akaokoa chuo, akashukuriwa, na kiti akapewa Tolfdir, mwalimu mzee ambaye msomaji ye yote angemchagua. Wabunifu hawakuthubutu, kwa kuwa waliona cheo kuwa zawadi, na zawadi ni ya yule anayecheza. Cheo kikiisha kuwa zawadi, hakipimi tena kitu.

Mfano wa kinyume, wa kupita, ni World of Warcraft, ambamo toka mwaka 2005 hata 2006 palikuwa na vyeo kumi na vinne vya vita vilivyogawiwa kila wiki kwa kuwalinganisha wachezaji wa upande mmoja wao kwa wao. Asiyepigana wiki ile alishuka. Hapo kipimo kilikuwa kikali mno, nacho kilipima zaidi saa ambazo mtu aliweza kuziacha kazi zake na usingizi wake.

Yabaki madaraka, na katika hayo Morrowind yenyewe haina cha kujivunia. Angalia namna vilele vyake vipatikanavyo. Sjoring huuawa. Gothren, mkuu wa Telvanni, huuawa. Bolvyn Venim wa Redoran hupigwa uwanjani mbele ya watu, na Varus Vantinius wa Jeshi la Dola vivyo hivyo. Trebonius Artorius, Mkuu wa Sihiri, mtu mpumbavu aliyempa mchezaji kazi ya kueleza kwa nini taifa zima la Wadwemer lilitoweka, kana kwamba amemtuma sokoni, naye aweza kuitwa uwanjani. Ile kanuni ya mwaka 1978 imerudi, ila imekuwa desturi. Mchezo wajua sana namna mtu aondoavyo aliye juu. Haujui mtu huyo afanye nini kesho yake. Trebonius alilaumiwa kwa kutoa amri za kipuuzi. Aliyemrithi hatoi amri yo yote, kwa kuwa hakuna mtu anayempa nafasi ya kuitoa. Hapana mwanagenzi wa kumtuma uyoga, hapana tawi linaloleta hesabu, hapana ugomvi wa kuamua kati ya Balmora na Ald'ruhn.

Wanachama humsalimu kwa cheo chake kipya, na salamu huishia hapo. Akitaka kwenda kutoka tawi moja la chama chake hata jingine, humwendea msafirishaji wa chama, mtumishi aliye chini yake kwa ngazi nyingi, naye msafirishaji humsikiliza kwa adabu, humtajia nauli, na Mkuu wa Sihiri wa kisiwa kizima hutoa mfuko wake akalipa.